Mtunzi na Watunzaji: Remmy Ongala na Ukumbi wa Dansi katika Vitongoji vya Dar es Salaam



1.0 Utangulizi

Neno mtunzi katika Kiswahili lina asili mbili. Kwa upande mmoja, mtunzi ni mtu anayetunga: anayepanga maneno yakawa shairi, wimbo, hadithi au tamthiliya. Kwa upande mwingine, mtunzi ni mtu anayetunza: anayeangalia kitu kisipotee wala kisiharibike. Kitenzi kutunza nacho kina maana nyingine ambayo kila aliyewahi kuingia katika ukumbi wa dansi au wa taarab anaijua. Mtu aliyeguswa na wimbo huinuka kitini, hupita katikati ya wachezaji, na kumpa mwimbaji fedha mkononi au kumbandika noti katika paji la uso. Huko ndiko kumtunza mwimbaji, na zawadi yenyewe ni tunzo.

Mhadhara huu unachunguza uhusiano wa maana hizo tatu, yaani kutunga, kuhifadhi na kuzawadia, kwa kumtazama mtunzi mmoja aliyeimba tungo zake mwenyewe mbele ya wakazi wa vitongoji vya Dar es Salaam. Mtunzi huyo ni Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana kwa jina la Remmy Ongala, kiongozi wa bendi ya Super Matimila. Hoja kuu ni hii: wimbo wa dansi wa Kiswahili hautungwi mara moja na kukamilika. Hutungwa nyumbani au mazoezini, kisha ukaendelea kutungwa ukumbini, mbele ya wasikilizaji ambao nao wana sehemu yao katika utunzi huo. Kwa hiyo uchambuzi unaotegemea kanda ya redio peke yake, au maneno yaliyonukuliwa kutoka katika kanda hiyo, unashughulikia sehemu tu ya matini.

Suala hili si la nadharia tupu. Kumbi nyingi zilizokuwa maskani ya nyimbo hizo zimebadilishwa matumizi au zimenyamaza, na waliozisikia nyimbo zikiimbwa humo wanazeeka na kufariki. Kinachopotea ni sehemu ya fasihi ya Kiswahili ambayo hakuna aliyeiandika.

2.0 Ukumbi na Vitongoji

Muziki wa dansi ulianza kuota mizizi Dar es Salaam katika miaka ya 1930, baada ya beni, ile ngoma ya mashindano iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi. Vilabu vya dansi vilikuwa vyama vya vijana wa mjini, na muziki wao ulihitaji mahali pa kuchezewa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 lilijengwa jengo la jumuiya la Arnautoglu, karibu na Mnazi Mmoja, likapewa jina la George Arnautoglu, tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki. Jengo la aina hiyo lilikuwa na matumizi mengi: mikutano, madarasa, na dansi.

Baada ya Uhuru jiji lilipanuka kuelekea nje, na kumbi zikawafuata watu. Kinondoni, Magomeni, Temeke, Chang'ombe na Tandika zilijaa wafanyakazi wa viwandani, bandarini, reli na maofisini. Katikati ya miaka ya 1970 mradi wa viwanja vilivyopimwa, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulifungua makazi mapya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuboresha makazi ya Manzese. Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, liliendesha kumbi zake Kariakoo, Magomeni Kondoa na Mlimani Park. Kinondoni palikuwa na Ukumbi wa Vijana, na Chang'ombe palikuwa na klabu ya kiwanda cha sigara. Kando ya kumbi hizo kubwa zilikuwapo baa nyingi za mitaani zenye ua mpana, jukwaa la saruji na meza za chuma.

Umbo la ukumbi huo linastahili kuelezwa, kwa sababu lina athari katika lugha. Katika jumba la tamthiliya la Kizungu viti hutazama jukwaa, taa huzimwa upande wa watazamaji, na utulivu huhesabiwa kuwa ni heshima. Ukumbi wa dansi hauko hivyo. Katikati pana uwanja wa kuchezea, meza zimezunguka, taa zinawaka pande zote, na jukwaa halikuinuka sana hata mtu ashindwe kumfikia mwimbaji. Mara nyingi sehemu kubwa ya ukumbi haina paa. Sauti hutoka nje na kuwafikia majirani ambao hawakulipa kiingilio, na hao nao huujua wimbo kabla haujafika redioni. Mtunzi anayeimba katika mahali pa namna hiyo anawaona wasikilizaji wake nyuso zao, nao wanajua kwamba anawaona.

Ikumbukwe pia kwamba bendi nyingi za wakati huo zilikuwa mali ya taasisi za umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na kiwanda cha nguo cha Urafiki walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na kuchukuliwa na DDC mwaka 1983. Mtunzi katika bendi kama hizo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo alivyovitumia vilikuwa vya mwajiri. Bendi binafsi zilikuwa na hali tofauti. Zilitegemea fedha za mlangoni, na mara nyingi hazikuwa na ukumbi wake. Ziliandamana na ratiba ya wiki, leo baa hii, kesho baa ile. Kwa mtunzi wa bendi binafsi, msikilizaji aliyelipa kiingilio ndiye aliyekuwa mwajiri.

3.0 Kutoka Kindu hadi Sinza

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika eneo la Maniema, mashariki ya Kongo. Kindu iko ukingoni mwa mto Lualaba, katika nchi ambayo Kiswahili kiliingia na misafara ya biashara ya karne ya 19 na kikabaki kuwa lugha ya watu. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha mpya kwake alipofika Tanzania. Alikuja na Kiswahili chake, kile ambacho wanaisimu walizoea kukiita Kingwana.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akajiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Humo ndimo alimotungia "Siku ya Kufa", wimbo wa maombolezo ya rafiki. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki Dar es Salaam na kuingia Matimila, bendi ya mfanyabiashara binafsi, ambayo baadaye iliitwa Super Matimila. Muziki wake aliuita "Bongo Beat". Jina hilo lilitokana na ubongo, kwa maana ya muziki wa kufikiri, na lilikwenda sambamba na jina la utani la jiji lenyewe, Bongo, mahali ambapo mtu haishi bila kutumia akili.

Mwaka 1988 bendi ilialikwa Ulaya katika matamasha ya WOMAD. Albamu ya Songs for the Poor Man ilitoka mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992, zote chini ya kampuni ya Real World ya Uingereza. Hata hivyo, sifa za Ulaya hazikubadili maskani yake. Aliendelea kuishi Sinza na kuimba katika vitongoji. Watu wakamwita Daktari Remmy. Mwenyewe akajiita sura mbaya na kujitambulisha kuwa msemaji wa wanyonge. Majina ya nyimbo zake yanaonyesha mwelekeo huo: "Mnyonge Hana Haki", "Sauti ya Mnyonge", "Kifo", "Nalilia Mwana".

Kwa mwanafunzi wa lahaja, wimbo mmoja wa albamu ya 1992 una jambo la kuzingatiwa. Katika jalada jina la wimbo huo limeandikwa "Inchi Yetu". Kiswahili sanifu kina nchi, ambamo nazali ya mwanzo inasimama kama silabi bila irabu. Kiswahili cha mashariki ya Kongo hutanguliza irabu, ikawa inchi. Mhariri wa Baraza la Kiswahili la Taifa angelisahihisha neno hilo bila kusita. Lakini jina hilo lina ushahidi wa thamani. Mtu aliyezaliwa Kindu anaimba kuhusu nchi inayoitwa yetu, na neno analolitumia linabeba alama ya mahali alikotoka. Wasikilizaji wa Manzese na Temeke, ambao wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka mikoani wenye matamshi yao ya Kikerewe, Kigogo, Kimatumbi au Kihehe, hawakuona kosa la kuwazuia kuupenda. Kiswahili cha ukumbini kilikuwa kipana kuliko kile cha darasani, na upana huo ndio uliompa mgeni haki ya kusema "yetu".

4.0 Kutunga na Kutunza

Wimbo wa dansi wa Tanzania kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, ambamo beti huimbwa na kisa au fikra huwekwa wazi. Ya pili ni ya kasi, ambayo wanamuziki huiita chemko. Gitaa huchukua usukani, waitikiaji hurudia kiitikio kifupi, na wachezaji hujaa uwanjani. Katika kanda ya redio sehemu zote mbili zimefupishwa, kwa kuwa studio ilikuwa na muda wake. Ukumbini hazikuwa na mpaka huo. Chemko iliendelea kadiri uwanja ulivyochangamka, na mtunzi aliyejua kazi yake aliitumia nafasi hiyo kusema.

Remmy alijulikana sana kwa kusema. Katikati ya wimbo aliacha kuimba akazungumza na watu, kwa sauti ya mzee wa mtaa anayeonya na kutania kwa pamoja. Alieleza kisa, aliuliza swali, alimtaja aliyepo, kisha akarejea katika kiitikio. Wachambuzi wanaonukuu maneno ya nyimbo huziruka sehemu hizi au huziweka katika mabano kama nyongeza. Kwa kufanya hivyo wanaondoa kiungo kilichofunga wimbo na mahali ulipoimbwa. Katika fasihi simulizi ya Kiafrika msimulizi anayesimamisha hadithi ili awaulize hadhira hahesabiwi kuwa ametoka nje ya hadithi. Hapana sababu ya kumhesabu mwimbaji wa dansi kwa kipimo kingine.

Utunzaji nao hufanya kazi ya maana. Mtu anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji wakati wa ubeti fulani anatoa tafsiri ya ubeti huo mbele ya watu. Anasema, pasipo kutamka neno, kwamba maneno haya yamenigusa, au kwamba maneno haya namwelekezea fulani aliyeketi meza ile. Katika taarab ya mipasho, iliyopamba moto katika kumbi za Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakati wa ushindani wa Tanzania One Theatre na Muungano, maana ya wimbo ilitegemea kwa kiasi kikubwa ni nani aliyetunza, na wakati gani. Katika dansi jambo hilo lilikuwa na ukali mdogo zaidi, lakini lilikuwapo. Mwimbaji alijibu tunzo kwa kulitaja jina la mtoaji, na jina likaingia katika wimbo. Orodha za majina zinazosikika katika kanda za zamani, ambazo msikilizaji wa leo huziona kama kelele, ni kumbukumbu ya watu waliokuwa watunzi wa pili wa tungo hizo.

Kutokana na hali hiyo, mtunzi wa bendi binafsi alipata hukumu ya kazi yake usiku uleule. Ubeti ulioacha uwanja mtupu ulirekebishwa au uliachwa. Ubeti ulioinua watu ulirefushwa. Mshairi wa gazeti husubiri wiki kadhaa apate jibu la mshairi mwenzake. Mwimbaji wa vitongoji alijibiwa kabla hajameza mate.

5.0 Ukumbi Dhidi ya Redio: Mfano wa "Mambo kwa Soksi"

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa redio pekee Tanzania Bara, na studio yake ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa dansi. Redio hiyo inastahili shukrani ya kila mtafiti. Bila kanda zake, ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, sauti za Marijani Rajabu, Hemed Maneti na Muhiddin Maalim Gurumo zingesikika kwa nadra sana. Lakini redio ilikuwa pia mlango wenye bawabu. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa, na wimbo uliokataliwa haukusikika hewani.

"Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala ni mfano mashuhuri. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Miaka iliyofuata ugonjwa ulienea nchini kote, na lugha ya umma ikabaki nyuma. Matangazo yalisema juu ya uaminifu na kujihadhari. Kondomu ilikuwa kitu ambacho watu wazima waliona haya kukitamka mbele ya watoto, wakwe au viongozi wa dini. Remmy aliuimba wimbo unaohimiza matumizi ya kondomu, akaiita soksi. Redio haikuupiga. Wimbo ulienea kwa kanda za kaseti, na ukawa mojawapo ya nyimbo zake zilizojulikana zaidi.

Kwa mtazamo wa lugha, kesi hii ina funzo linalopita historia ya udhibiti. Soksi ni tafsida. Inachukua vazi la kila siku, linalovaliwa mguuni bila aibu, na kulipa kazi ya kutaja kisichotajika. Desturi hii ni kongwe katika Kiswahili. Nyimbo za unyago na za harusi zimejaa vyombo vya nyumbani vyenye maana ya pili, kama kinu na mchi. Fumbo la aina hiyo huwawezesha watu wa rika na jinsi mbalimbali kusikia neno moja mahali pamoja, kila mmoja akilielewa kwa kadiri ya umri wake, pasipo mtu kuvunjiwa heshima. Kwa maana hiyo Remmy alikuwa mwanamapokeo kuliko walivyodhani waliomkataa.

Tatizo la fumbo hilo lilikuwa kwamba lilikuwa wazi mno kwa redio. Redio haijui ni nani anayesikiliza. Sauti yake huingia sebuleni ambamo baba, mkwe na mtoto wameketi pamoja, na hakuna awezaye kuinuka bila kuonekana. Ukumbi una mipaka yake: walioingia ni watu wazima, wamelipa, wamekuja usiku kwa hiari yao. Hivyo maneno yaleyale yalikuwa na adabu Temeke saa nne za usiku na yalikosa adabu hewani saa saba za mchana. Mwanaisimu anayetaka kueleza maana ya muktadha katika Kiswahili hatapata mfano bora zaidi. Wakati huohuo, jambo hili halikuwa mchezo wa maneno. Watu walikuwa wakifa, na ukumbi ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo jambo lililokuwa likiwaua lilitajwa kwa Kiswahili walichokielewa.

Ingawa hivyo, si haki kuigeuza redio kuwa adui wa utunzi. Wakaguzi walikuwa na swali la kweli mbele yao: taifa zima liambiwe nini, kwa maneno gani, mbele ya nani? Walilijibu kwa kukataa. Mtunzi wa ukumbini aliweza kulijibu kwa namna nyingine, kwa kuwa alikuwa na hadhira anayoiona.

6.0 Mgogoro wa Ushairi Uliousahau Ukumbi

Wanafunzi wa fasihi wanaufahamu mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa wengi kitabu hicho kikawa ndicho kipimo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani isiyofuata vina na mizani. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kwamba ushairi wa Kiswahili una uwanja mpana kuliko arudhi ya mapokeo. Wanamapokeo walijibu kwamba shairi lisiloimbika si shairi.

Jambo la kushangaza ni kwamba hoja ya kuimbika ilijadiliwa katika magazeti, vitabuni na katika kumbi za mihadhara, wakati Kiswahili kilikuwa kikiimbwa kila mwisho wa wiki kilomita chache tu kutoka Mlimani. Watunzi wa Magomeni, Kinondoni na Temeke walikuwa wameshatoa jibu lao. Nyimbo zao nyingi hazina mizani sawa. Mstari mmoja una silabi nane, unaofuata una kumi na tano, na mwimbaji huzibana au huzivuta zikaenea katika mzunguko wa gitaa. Kipimo kinachozishika pamoja ni mzunguko huo wa gitaa na ngoma, unaorudi mahali pake hata maneno yawe mengi kiasi gani. Vina navyo hutokea pale vinapohitajika na huachwa pale vinapobana. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba tungo hizo haziimbiki.

Tungo hizi, basi, zinaonyesha kwamba pande zote mbili za mgogoro zilikuwa na sehemu ya ukweli. Wanamapokeo walikuwa sahihi kwamba ushairi wa Kiswahili ni sauti kabla ya kuwa maandishi. Wanausasa walikuwa sahihi kwamba hesabu ya silabi siyo njia pekee ya kuipa sauti hiyo nidhamu. Ushahidi wa hoja zote mbili ulikuwapo ukumbini, lakini wimbo wa dansi ulihesabiwa kuwa starehe, nao haukuitwa kutoa ushahidi.

7.0 Yaliyo Hatarini

Katika miaka yake ya mwisho Remmy Ongala aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010 jijini Dar es Salaam. Sinza, iliyokuwa sehemu ya Kinondoni hadi Manispaa ya Ubungo ilipoanzishwa, ina kituo cha daladala ambacho watu hukiita Kwa Remmy. Abiria wengi wanaoshuka hapo hawakuwahi kumsikia akiimba. Jina limedumu kwa sababu lilitamkwa kila siku na watu wengi, na huo ndio utunzaji wa aina ya kwanza: lugha inamhifadhi mtu kwa kumtaja.

Lakini jina la kituo haliwezi kuhifadhi namna wimbo ulivyokuwa. Bendi chache za zamani bado zinapiga, zikiwamo Msondo Ngoma na Sikinde, na vijana wa vitongoji wana muziki wao. Singeli, iliyotoka Manzese, Tandale na mitaa jirani, huimbwa kwa kasi, mara nyingi maneno yakitungwa papo kwa papo, na mwimbaji hutaja majina ya waliomtunza kama ilivyokuwa zamani. Kwa hiyo desturi haijafa. Kilicho hatarini ni kumbukumbu ya hatua iliyotangulia, na uwezo wa kuona kwamba mwimbaji wa singeli leo na mwimbaji wa Super Matimila jana wamesimama katika mstari mmoja wa utunzi wa Kiswahili.

Kazi tatu zinawezekana, na hakuna hata moja inayohitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni kuwahoji waliokuwa ukumbini: wachezaji, wahudumu, mabawabu wa mlangoni, majirani wa nje ya ukuta, pamoja na wanamuziki. Maswali yawe mahususi: ubeti gani uliwainua watu, mwimbaji alisema nini katika chemko, wimbo ulibadilikaje kutoka mwaka hadi mwaka. Ya pili ni kubadili namna ya kunukuu nyimbo. Maneno yanayosemwa, majina yanayotajwa na vicheko vinavyosikika katika kanda viandikwe mahali pake, visiondolewe kana kwamba ni takataka. Kanda chache zilizorekodiwa kumbini, hata zenye sauti mbovu, zipewe hadhi sawa na zile za studio. Ya tatu ni kuutia wimbo wa dansi katika mtaala wa ushairi, ili mwanafunzi anayejifunza arudhi ajifunze pia mzunguko wa gitaa kama kipimo cha utungo.

Inawezekana kupinga kwamba kinachotungwa ukumbini ni cha kupita, na kwamba fasihi huanza pale kinachopita kinapokoma kupita. Pingamizi hilo lina uzito, lakini Kiswahili chenyewe hakiliungi mkono. Lugha hii imeweka kutunga na kutunza karibu sana hata mtu anayefanya lolote kati ya hayo mawili huweza kuitwa kwa jina moja. Mtunzi wa Sinza alitunga. Wakazi wa vitongoji walimtunza kwa noti, kwa kuitikia na kwa kukumbuka. Waliobaki ni wanataaluma, na sehemu yao bado haijafanywa.